Amri ikae Vuga au Mazinde? Vita vya Usambara na mzigo wa nyanya unaoshuka Mombo

WAKULIMA wa Lushoto wanaopeleka mboga Dar es Salaam wanaijua saa ngumu ya biashara yao. Si saa ya kuvuna wala ya kupakia, na wala si ile ya kushuka kona za Soni hadi Mombo gizani. Ni alfajiri, Fuso likiwa limeshafika sokoni, nyanya zikiwa bado kwenye matenga, na mnunuzi amesimama mbele ya mwakilishi wa kikundi akitaja bei ambayo hakuna aliyeitegemea.

Auze au asiuze? Wenye mzigo wako milimani, safari ya usiku mzima kutoka hapo. Mwakilishi anapiga simu kwa mwenyekiti, inaita bila kupokelewa. Mwenyekiti yuko bondeni anamwagilia, simu ameiacha nyumbani kwenye chaji.

Hesabu yake ni nyepesi. Kikundi kimetuma matenga 60 na kimeagiza yasiuzwe chini ya Sh25,000 kila moja. Saa 12 asubuhi mnunuzi anatoa Sh18,000. Mwakilishi hana ruhusa, anasubiri. Saa nne malori mengine matatu yameshashusha nyanya, bei imekuwa Sh12,000 na jua linawaka. Kusubiri amri kumekula Sh360,000.

Geuza upande wa pili. Kikundi kimempa mwakilishi ruhusa yote, auze atakavyo. Anauza kwa Sh15,000, anarudi milimani na kusema soko lilikuwa baya, alipata Sh12,000. Hapo zimepotea Sh180,000, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwapo.

Swali la nani aamue, aliye juu au aliye kwenye tukio, ni la zamani sana katika milima ya Usambara. Limewahi kuulizwa hapa na watu wenye mikuki na baadaye wenye bunduki za rashasha. Majibu yao yaligharimu zaidi ya matenga 60.

Watoto wa Kimweri

Katikati ya karne ya 19 milima ya Usambara na sehemu kubwa ya nchi inayoizunguka vilikuwa chini ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Kilindi aliyekaa Vuga. Mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika kwake mwaka 1848 na akarudi tena mwaka 1852. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857, mzee akiwa ameshachoka kwa umri.

Kwa anayeijua nchi hii, ugumu wa kuitawala kutoka sehemu moja hauhitaji maelezo. Bonde moja halioni lingine. Mtu akitaka kutoka Vuga kwenda Mtae kwa miguu, anapanda na kushuka hadi magoti yalalamike, na habari aliyoibeba inafika ikiwa imeshachacha.

Kimweri hakujaribu kuamua kila kitu Vuga. Aliweka wanawe kuwa machifu sehemu mbalimbali za nchi. Kila mmoja alikata kesi za watu wake, alisimamia ulinzi wa eneo lake na kukusanya kodi, na sehemu ya kodi hiyo ilipanda Vuga. Kwa lugha ya ofisini leo, alikasimu madaraka, na nchi ilikaa hivyo kwa miaka mingi.

Kilichowafunga machifu hao na Vuga kilikuwa cha aina mbili. Kwanza, aliyekaa Vuga alikuwa baba yao. Pili, mali na heshima vilipitia kwake. Chifu aliyekosana na mzee hakuwa na mahali pengine pa kupata nguvu.

Kimweri alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, na vifungo vyote viwili vikakatika karibu kwa pamoja. Aliyerithi Vuga alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Machifu waliokuwa wanamtii baba sasa walitakiwa wamtii mtoto wa ndugu yao. Na biashara nayo ilikuwa imeshahama. Misafara ya pembe na watumwa ilipita nyikani chini ya milima, kwenye njia ya bonde la Pangani. Hapo chini, Mazinde, ndipo alipokuwa Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri.

Semboja hakuhitaji kupanda Vuga kupata nguvu. Misafara ilimletea nguo, baruti na bunduki mlangoni. Vita kati ya baba mdogo na mtoto wa ndugu yake ikaanza. Kabla muongo huo haujaisha Vuga ilikuwa imeanguka, na Wabondei upande wa mashariki walikuwa wameasi utawala wa Kilindi. Semboja alimweka mwanawe kuwa mtawala wa Vuga, mwenyewe akabaki Mazinde, penye soko. Kiti kilikuwa juu na nguvu ilikuwa chini.

Waliolipa ni wakulima. Machifu wadogo waliposhindana, kila mmoja alihitaji bunduki, na bunduki zilinunuliwa kwa watu. Jirani alimkamata jirani akamuuza pwani. Washambaa wana maneno yao kwa hali hizi mbili: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, mvua inyeshe na chakula kipatikane, na kubana shi, kuiharibu. Mashindano ya wakubwa wasio na aliye juu yao huitwa nguvu kwa nguvu, na katika fikra za wazee wa milimani njaa hutoka huko.

Ni rahisi kusema kwamba Kimweri alikosea kugawa madaraka. Lakini aliyagawa maisha yake yote na nchi haikuvunjika. Kilichobadilika ni mfuko. Mkuu wa eneo alipopata kipato chake mwenyewe nje ya Vuga, kugawiwa madaraka kukageuka kuwa kujitenga.

Kombania 14

Wajerumani waliyachukua maeneo haya mwishoni mwa karne hiyo, wakauita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na wakajenga reli kutoka Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, jeshi lao la koloni lilikuwa na askari Waafrika karibu 2,500 na Wajerumani wasiofika 300. Nchi waliyotakiwa kuilinda ilikuwa kubwa kuliko Ujerumani yenyewe.

Jeshi hilo halikuwa mkusanyiko mmoja. Liligawanywa katika kombania 14, kila moja na kituo chake. Kombania ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, Wajerumani kiasi cha 16 hadi 20, bunduki zake za rashasha na wapagazi wake. Ombasha na shaush, vyeo vilivyokuja na askari wa mwanzo kutoka Sudan, waliwasimamia askari bila kungoja Mjerumani awaambie wafanye nini kila asubuhi.

Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya kutawala koloni kwa gharama ndogo na kuzima maasi kama ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Haukubuniwa kwa vita vya dola na dola. Lakini ulikutana na desturi ya zamani ya jeshi la Prussia. Prussia ilipigwa vibaya na Napoleon huko Jena mwaka 1806, na moja ya mambo iliyojifunza ni kwamba jenerali aliye mbali hawezi kuamuru kila hatua. Baadaye mkuu wa majeshi yake, Helmuth von Moltke, aliifanya kuwa kanuni: mkubwa aseme lengo ni nini, mdogo aliye uwanjani achague njia.

Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuja kuliongoza jeshi la koloni Januari 1914, alilelewa katika desturi hiyo. Hakusita kuitumia hata kwa mkubwa wake mwenyewe. Kisheria, Gavana Heinrich Schnee ndiye aliyekuwa juu ya jeshi, na gavana alitaka miji ya pwani isipiganiwe ili isibomolewe kwa mizinga ya meli za Waingereza. Lettow aliona Tanga, mwanzo wa reli ya Usambara, haiwezi kuachwa. Alipigana. Angeshindwa, huenda leo angekumbukwa kama ofisa aliyekaidi amri na kuuunguza mji.

Tanga, Novemba 1914

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Bwana Auracher, mkuu wa wilaya, aliarifiwa na nahodha wa meli ya kivita kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjwa. Alituma habari kwa Lettow aliyekuwa Moshi, akavaa sare, akajiunga na askari wachache waliokuwapo.

Usiku ule na asubuhi iliyofuata, kombania moja na polisi wa mji walikizuia kikosi cha kwanza kilichoshuka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza Moshi cha kufanya. Huku nyuma treni zilikuwa zinashuka kutoka Moshi, kilometa zipatazo 350, zikipita Mombo na Korogwe. Treni moja iliweza kubeba kombania moja na mizigo yake, au mbili zikiacha sehemu kubwa ya mizigo. Kwa kuwa kombania ilikuwa imekamilika peke yake, kila treni ilipofika ilishusha kitu kinachoweza kupigana hapo hapo. Hakuna aliyengoja mizinga ya treni ya nyuma au mkubwa aliyebaki njiani.

Upande wa pili kila jambo lilimsubiri Aitken. Aliwadharau askari Waafrika aliokuwa anakuja kupigana nao, akakataa msaada wa KAR, kikosi cha Afrika Mashariki ambacho kiliwajua. Vikosi vyake vilivyochoka na safari ya bahari viliingizwa kwenye mashamba na vichaka bila upelelezi wa maana. Tarehe 4 Novemba, wakiwa na watu labda saba au wanane kwa kila mmoja wa Lettow, walivunjika. Nyuki wa mizinga iliyotundikwa mitini waliwafukuza watu wa pande zote mbili, na simulizi za Tanga zimewapa nyuki hao sifa kubwa kuliko waliyostahili.

Waingereza waliondoka wakiacha bunduki zaidi ya 400, bunduki za rashasha 16 na risasi kiasi cha nusu milioni. Lettow alikuwa na askari wapatao elfu moja.

Miongoni mwa waliokufa upande wa Wajerumani ni Tom von Prince, kapteni mstaafu aliyewahi kupigana na Mkwawa. Askari walimwita Bwana Sakarani, na shamba alilokuwa nalo karibu na Soni ndilo linalojulikana hadi leo kwa jina hilo, Sakharani, ambako watawa Wabenediktini wanalima makadamia na zabibu. Alikuwa akiongoza walowezi waliotoka kwenye mashamba yao wakaingia vitani.

Kuna kisa cha Tanga kinachosimuliwa mara chache. Jioni ya tarehe 4, ushindi ukiwa mkononi, amri ilieleweka vibaya. Kombania zilirudi kambini magharibi ya mji, kila moja ikiamini ndivyo ilivyotakiwa. Usiku huo Tanga ilibaki karibu bila mlinzi. Kilichowaokoa Wajerumani ni kwamba Waingereza nao hawakujua, wakaendelea kujiandaa kupanda meli. Wakuu waliozoea kujiamulia walikosea wote kwa wakati mmoja, na hapakuwa na mtu katikati wa kuliona kosa mapema.

Reli inapokatika

Januari 1915 Lettow alishambulia Jasin, mpakani kaskazini ya Tanga. Alishinda, lakini maofisa aliowapoteza na risasi alizozimaliza vilimwonyesha kwamba hawezi kumudu ushindi wa namna hiyo zaidi ya mara mbili au tatu. Akageukia doria ndogo za watu kumi hivi, zilizovuka nyika kwenda kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Ukipeleka watu kumi katika nchi isiyo na maji, huwezi kuwapa amri nyingine hadi warudi. Waliambiwa lengo, wakaenda. Wengine walifaulu, wengine waliuawa na kiu.

Mpaka wakati huo kombania bado zilikuwa zimefungwa na katikati kwa uzi wa chuma. Reli na simu ya waya vilipita chini ya milima ya Usambara. Kutoka Mombo ilitandikwa hadi Handeni njia nyembamba ya matoroli, kwa vyuma vya mashambani, ili mizigo iende kusini kuelekea Reli ya Kati. Huko Usambara Mashariki, kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kiligeuza magome ya mikwinini kuwa dawa ya malaria. Aliyetaka risasi, kwinini au habari alitazama reli.

Juni 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts lilishuka bonde la Pangani, likachukua Mombo na Wilhelmstal. Kufikia Septemba Wajerumani walikuwa wameipoteza pia Reli ya Kati. Tangu hapo amri zilikwenda kwa tarishi wa miguu. Jibu lilichukua siku, wakati mwingine wiki, na kila mkuu wa kikosi akawa kama mwakilishi wa kikundi ambaye simu yake haipokelewi.

Mwaka 1917 likatokea la Wintgens. Kapteni Max Wintgens alikuwa chini ya Meja Georg Kraut kusini magharibi, ambako chakula kilikuwa kimekwisha. Kraut alielekea mashariki. Wintgens, bila ruhusa ya mtu, alichukua watu wake wapatao 500 na kurudi kaskazini kuelekea Tabora. Alipougua homa kali alijisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei, na Luteni Heinrich Naumann akaendelea na safari. Walizunguka katikati ya nchi kwa miezi, wakavamia hata stesheni ya Kahe kwenye reli ya Usambara, mpaka walipozingirwa na kusalimu amri karibu na Kondoa.

Kwa kipimo cha ushujaa ni kisa kikubwa, kwani maelfu ya askari wa Uingereza na Ubelgiji walihamishwa kwenda kuwawinda. Hata hivyo Lettow mwenyewe, mtu aliyesifu kujiamulia kuliko wote, aliandika baadaye kwa masikitiko kwamba safari ile ilikwenda mbali mno na uwanja wa vita ikawa na faida ndogo. Watu 500 hao hawakuwapo alipowahitaji.

Mwisho wa mwaka huo huo Kapteni Theodor Tafel alikuwa anashuka kusini na askari zaidi ya elfu moja ili akutane na Lettow karibu na Ruvuma. Lettow alivuka mto huo tarehe 25 Novemba 1917. Tafel alifika jirani, hakumkuta, hakuwa na habari yake wala chakula. Siku chache baadaye alisalimu amri. Vikosi viwili vya jeshi moja vilipishana kwa mwendo mfupi hivi kwamba hata mtoto mchunga mbuzi angeweza kupeleka ujumbe, kama angejua apeleke wapi.

Nani alilisha uhuru huo

Vitabu vingi vya vita hii vinaishia kwenye werevu wa Lettow, aliyepigana hadi Novemba 1918 na kuweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Anayesoma kwa jicho la shamba atauliza swali lingine. Kombania iliyokatwa na reli ilikula nini?

Ilikula ghala la mkulima. Mkuu aliyeachiwa kuamua apite wapi aliachiwa pia kujilisha, na njia aliyochagua mara nyingi ilikuwa ile yenye mahindi, mtama na ng'ombe. Wakipita hawa walichukua, wakija wanaowafukuza walichukua kilichobaki. Vijana walikamatwa kuwa wapagazi, kwa hiyo msimu uliofuata hapakuwa na wa kulima. Huko Ugogo njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, iliua maelfu ya watu baada ya majeshi kuchukua nafaka na mifugo kisha mvua kukosekana.

Waingereza, waliojaribu kuendesha vita kwa amri ya katikati na mizigo kutoka nyuma, hawakuwa na heri zaidi. Mzigo ulihitaji vichwa vya watu. Wanahistoria hukadiria wapagazi waliokufa upande wao kufikia karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ikawaachia watu wa mji jina la Kariakoo. Kabichi la Lushoto likishushwa Kariakoo linashushwa kwenye kambi ya wapagazi.

Hapa hesabu ya vita na ya biashara zinakutana. Gharama isiyoandikwa huonekana kama faida. Uhuru wa kombania ulionekana rahisi kwa sababu aliyeulipia hakuwa kwenye daftari la jeshi. Mwakilishi anayeamua vizuri sokoni kwa kuwa hasara inaangukia wengine ni yule yule, ila kavaa kanzu.

Kurudi sokoni

Kikundi cha wakulima kina mambo matatu ya kupanga kabla Fuso halijawasha injini, na la kwanza linategemea zao lenyewe.

Nyanya iliyoiva haisubiri. Anayesimama nayo sokoni saa 12 asubuhi yuko Tanga tarehe 2 Novemba. Lazima awe na ruhusa ya kuamua pale pale. Apewe lengo, mfano mzigo uishe kabla ya saa nne, na apewe bei mbili badala ya moja: bei ya kujitahidi, na bei ya chini ambayo juu yake hamuulizi mtu. Chini ya hiyo apige simu kwa watu wawili, na wasipopatikana ndani ya nusu saa aamue mwenyewe. Viazi ni jambo lingine. Vinaweza kukaa ghalani siku kadhaa, na uamuzi wake unaweza kubaki milimani bila madhara. Karoti na kabichi ziko katikati. Kikundi kinachoandika kanuni moja kwa mazao yote kinajitafutia ugomvi.

La pili ni habari, na habari isipitie mkono mmoja. Lettow na Tafel hawakushindwa kwa woga, walikosa tarishi. Mwanakikundi mwingine awe na namba ya mfanyabiashara wa pili sokoni, amuulize bei ya asubuhi hiyo na kuiandika. Mwakilishi mwaminifu atafurahi, maana ripoti yake itakuwa na shahidi siku soko litakapoanguka kweli.

La tatu ni la Semboja, na ndilo gumu. Mnunuzi alipe kwenye namba ya simu au akaunti ya kikundi, si mfukoni mwa mwakilishi, kisha mwakilishi apate asilimia yake kutoka huko. Bei ikipanda asilimia yake ipande, ikishuka ishuke. Anayelipwa kiasi kile kile auze vizuri au vibaya hana sababu ya kubishana na dalali. Na anayelipwa na kikundi huku akichukua kitu kidogo kwa mnunuzi ameshahamia Mazinde, hata kama kila Ijumaa anapanda kusalimia Vuga.

Inatokea pia mwakilishi hodari akanunua gari lake, akapata wateja wake na kuanza kununua mboga za wakulima wasio kwenye kikundi. Wapo wanaoliona hilo kama usaliti. Ni biashara, na hakuna sheria inayomkataza. Ila siku hiyo yeye si mwakilishi tena, ni mnunuzi, na kikundi kiongee naye bei kama kinavyoongea na mnunuzi yeyote, huku kikitafuta mtu mwingine wa kukisimamia mzigo wake. Waliochelewa kulitambua hilo huko Vuga waliamka nguvu imeshahama.

Linabaki jambo ambalo vikundi huwa vinaliacha hadi limekuta watu: matenga yakioza mikononi mwa mwakilishi aliyefuata kanuni zote, hasara inagawanywaje? Kama ataibeba peke yake, safari ijayo hataamua kitu bila kupiga simu, na wenye mzigo watarudi kwenye ile Sh12,000 ya saa nne. Kama haimgusi kabisa, matenga yataoza mara nyingi zaidi. Kiasi chake kiwe robo au sehemu ya kumi, wenye mzigo wakae wakubaliane na kuandika, mwakilishi akiwapo, na kila mmoja aondoke na nakala kabla gari halijaondoka Soni.